Muhuri Unasubiri Barua Hii

Tsubame,
Februari 24, 2016

Kwa mwanangu Chizuru,

Wewe mtoto huna haya. Miaka saba. Tangu tulipomfanyia baba yako kumbukumbu yake hujakanyaga tena mkeka wa nyumba hii, na hizo simu zako za Jumapili za kuniuliza kama nimekula, kana kwamba mimi ni paka uliyemwachia jirani, sizihesabu kuwa ni kuja. Nimekula, asante. Sijui tu ni lini utakuja kula nami.

Haya, nimegomba, nimemaliza, sasa nakusalimu. U mzima? Lile bega linalokusumbua wakati wa baridi limepoa? Mumeo Dale kifua chake kimepona, au bado anakohoa na kusema si kitu? Na Owen, mume wangu wa Marekani, amefika wapi kwa urefu? Kwenye picha nimemwona anainama kupita mlangoni. Mwambie bibi yake anasema ale wali, aachane na ile mikate laini kama pamba, inajaza tumbo kwa saa moja tu. Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika, ila sisi tumezoeana. Theluji mwaka huu haikuwa nyingi, nimeikwangua mlangoni kwa mkono wangu, na figili za chumvi za mwaka huu zimekolea vizuri kuliko zile ulizozisifu. Masakatsu mdogo wako ni mzima, yuko kiwandani bado kwenye kung'arisha vijiko, wiki hii yuko zamu ya usiku. Minori binti yake ni mzima wa mwili. Wa roho, hapana, na hiyo ndiyo sababu ninakuandikia.

Nakwambia mapema ili usiisome kwa uvivu: barua hii lazima iingie posta kesho kabla ya saa sita mchana. Isipoingia, Minori hatafanya mtihani wa shule anayoitaka. Utashangaa barua ya kwenda Marekani inahusiana nini na mtihani wa mtoto wa Tsubame. Vumilia. Mimi naandika kwa herufi za watoto tu, zile nilizofundishwa kwenye ukumbi wa mtaa baada ya baba yako kufariki, na tangu jana mkono unaniuma hadi kwapani.

Kwanza nikujibu barua yako ya Desemba, maana ilinitia kinyaa na sikutaka kukwambia kwenye simu Dale akiwa anasikia. Uliniomba nikueleze vile nilivyopelekwa nikiwa na miaka saba kwa yule tajiri wa mashamba ya mpunga kubeba watoto wake, na vile nilivyokuwa nikisimama nje ya dirisha la shule na mtoto mgongoni nikisikiliza wenzangu wakisoma. Ukasema mwakani Owen ataandika habari zake apeleke chuo kikuu, na yule bwana mnayemlipa amwelekeze kuandika amesema bibi wa namna yangu ni hazina. Nilimwomba Minori anisomee neno hilo mara mbili. Hazina. Chizuru, siku zile nilipokuwa nimesimama dirishani, mtoto wa watu alikuwa akinikojolea mgongoni na mkojo unaganda kwa baridi kabla haujafika kiunoni, na mwalimu alitoka nje, akanifukuza kwa sababu mtoto analia. Hakuniita hazina. Leo mkojo ule ule ndio umsukume Owen aingie chuoni. Owen hana kosa, mtoto yule nampenda hata nikiona herufi za jina lake tu. Lakini huyo bwana anayekula kwa kuuza mikojo ya bibi za watu, akija hapa nitamwagia maji ya figili.

Halafu ukaandika kwamba huko kwenu hakuna mambo ya kumpanga mtoto kwa namba ya alama zake kama huku, kila mtoto anaruhusiwa kujaribu. Nilicheka peke yangu hadi Minori akaja kuangalia. Barua ile ile, ukurasa wa nyuma yake, unaniambia mliuza nyumba nzuri mkanunua hii inayoingiza maji chini, kwa kuwa iko upande wa juu wa barabara, na shule za upande wa juu zinalishwa na kodi za nyumba za upande wa juu. Na yule rafiki yake Owen, waliyecheza naye mpira tangu wadogo, amebaki upande wa chini, kwenye shule ambayo kitabu kimoja kinasomwa na watoto watatu. Sasa hiyo si namba ni nini? Yenu imeandikwa kwenye nyumba, yetu imeandikwa kwenye karatasi. Mnachekecha kwa barabara, sisi tunachekecha kwa mtihani, na wanaotupwa nje na makapi ni watoto wa watu wale wale. Mtu hata hahitaji kwenda shule kuliona hilo. Pengine ndiyo maana mimi naliona.

Sasa Minori. Ana miaka kumi na mitano, na tangu mama yake alipojiondokea nimemlea mimi, kwa hiyo ukisikia namsifu ujue najisifu. Mtoto huyu anataka kuwa mfamasia. Si ndoto ya kuotwa tu, ana sababu zake. Mwaka juzi alizichukua dawa zangu zote, za presha na za magoti, akazipanga juu ya meza, akasoma vile vikaratasi vya ndani ambavyo hakuna anayevisoma, kisha akanishika mkono hadi duka la dawa akamwambia yule bwana kwamba hizi mbili hazitakiwi kunywewa pamoja. Yule bwana alitafuta kwenye kitabu chake, akatafuta tena, kisha akamwinamia mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu kama Owen.

Ili awe mfamasia inabidi apite Shule ya Takadai. Unaijua, iko kule juu, yenye wanafunzi wanaotembea kama wameshaajiriwa. Mwezi wa Desemba tukaitwa kwenye kikao cha watu watatu, mwalimu, mzazi na mtoto. Masakatsu alisema yuko kazini, nikaenda mimi. Nilivaa soksi mpya, nikavaa zile ndara za wageni zinazokuvuka kila hatua, nikakalishwa kwenye kiti cha mwanafunzi. Miaka sabini na tisa, na ndicho kiti changu cha kwanza cha darasani baada ya kile cha kikao chako na kile cha mdogo wako. Mwalimu wake anaitwa Kurebayashi, kijana mpole, tai yake ina doa la mchuzi. Akatuonyesha mstari kwenye karatasi. Juu ya mstari ni Takadai, chini yake kidogo ni Minori. Akasema Takadai ni hatari. Akasema Shule ya Biashara ya Nishigawa ni salama, na wasichana wa pale wanapendwa sana na maofisi. Nikamuuliza hatari gani, kuna shimo huko? Akacheka kwa adabu, akasema, Bibi, shule ya serikali mtoto anajaribu moja tu, akikosa amekosa. Minori alikuwa anaangalia magoti yake. Na mimi, mwanangu, nikafanya tunavyofanya. Niliinama mpaka paji la uso likagusa dawati nikasema, tunakuachia wewe, Mwalimu.

Hakuna aliyenilazimisha. Maneno yale yanatutoka kama kikohozi, unajua, mbele ya mwalimu, mbele ya daktari, mbele ya bwana wa benki. Mtu aliyesoma anayasema kwa heshima tu, kisha anauliza alichotaka kuuliza. Sisi tukiyasema, wanayachukua kuwa ni kweli. Kurebayashi alichora mstari chini ya Nishigawa, akatushukuru, na tayari kulikuwa na familia nyingine inachungulia mlangoni. Dakika kumi na moja.

Njiani Minori alitangulia kwenye theluji bila kunisubiri, mtoto ambaye siku zote hunishika kiwiko. Tulipofika darajani akageuka akaniambia, Bibi, hukuniuliza. Basi. Tangu siku ile amekuwa na adabu kwangu. Asante Bibi, samahani Bibi, chakula kitamu Bibi. Ninaishi na mgeni. Ningefurahi angenitukana.

Jumamosi iliyopita gazeti likatoa hesabu ya waombaji wa kila shule, kama kawaida ya Februari. Minori alilisoma amesimama, kisha akalikunja, akalikunja tena mpaka likawa dogo kama kiberiti. Nikamkalia mlangoni, nikamwambia hapiti mpaka aseme. Akasema kati ya hao walioomba Takadai yumo yule mtoto wa daktari wa meno Fuwa. Nikasema sawa, na aombe. Akasema, Bibi, namba yake iko chini ya yangu kwa alama tano, na mimi ndiye ninayemfundisha hesabu wakati wa mapumziko. Nikamuuliza sasa yeye karuhusiwaje. Akanieleza kwa utaratibu, kama vile mimi ndiye mtoto. Fuwa amekwisha kufaulu shule ya kulipia, tangu Januari, anayo mfukoni. Akikosa Takadai atatua juu ya godoro. Kwa hiyo kwenye kikao chake mwalimu alimwambia ajipe moyo, ajaribu bahati. Mimi nikianguka, akasema, naangukia sakafuni, ndiyo maana siruhusiwi kupanda.

Chizuru, niliondoka pale mlangoni nikampisha. Mimi siku zote niliamini ile namba. Nilidhani angalau hiyo ni ya haki, kwamba karatasi haimjui mtoto wa mng'arisha vijiko wala mtoto wa daktari wa meno. Kumbe namba inasomwa mara mbili, mara moja yenyewe, mara ya pili pamoja na godoro la baba yako. Halafu wanakuja kusema watoto wa maskini hawana moyo wa kuthubutu. Wanamwambia mtoto atulie, akitulia wanasema ametulia kwa asili.

Jumatatu nilivaa mabuti nikaenda shuleni bila miadi. Kurebayashi alinikaribisha chai. Nikamwambia sikuja kunywa, nimekuja kuchukua maneno yangu. Akasema, Bibi, si jambo jepesi hivyo. Nikamwambia ni jepesi sana, yalitoka kwenye mdomo huu na yatarudi kwenye mdomo huu, na yeye afute mstari wake. Akawa mwekundu hadi masikio. Akainuka, akafunga mlango wa chumba cha walimu, akakaa tena, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakutaka kulisema hili. Mwezi wa Novemba, kabla ya kikao, baba yake Minori alimpigia simu. Alimwomba yeye mwalimu ndiye amwambie binti kwamba alama zake hazitoshi. Akamsihi. Nilitii matakwa ya nyumbani, akasema, nilidhani Bibi unajua.

Nilimuuliza alama zake zinatosha au hazitoshi. Akasema, nusu kwa nusu. Nikamwambia nusu ni nyingi, mimi sijawahi kupewa nusu ya kitu chochote. Akanipa fomu. Ziko siku tatu za kubadilisha shule, kuanzia Jumanne hadi Alhamisi saa sita mchana, ambayo ni kesho. Fomu inataka muhuri wa jina la mzazi, sahihi haitoshi, na muhuri wa bibi haukubaliki maadamu baba yupo.

Masakatsu alirudi jana asubuhi ananuka mafuta na unga wa kung'arishia. Nilimwekea supu na wali kwanza, maana mtu mwenye njaa hasikii, kisha nikaweka fomu kando ya bakuli, nikamfungulia mdomo. Nilimwita mwizi. Nilimwita panya, mwoga, mwanaume anayejificha kwenye koo la mwalimu ili amwibie mwanawe. Yeye anakula tu. Nilipoishiwa pumzi akasema, Mama, na akikosa? Shule ya kulipia siiwezi, unajua siiwezi. Nikasema atakosa kwa miguu yake mwenyewe. Akasema, na akipata? Miaka mitatu pale juu, kisha Tokyo, kisha atakuwa kama Dada, ananipigia simu Jumapili kuniuliza kama nimekula. Nikamwambia hofu yake asimlishe mtoto. Nikamwambia baba anayetuma mtu mwingine aende kumdanganya mtoto wake ni uchafu, na mimi sikuzaa uchafu.

Hapo akaweka vijiti chini. Akaniambia polepole, Mama, mimi nimejifunza kwa nani?

Nilimwambia aache upuuzi. Akasema, nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilikuwa nimelala nyuma ya pazia la karatasi, na wewe ukamsimulia Baba. Nyumba yetu haina kuta, Mama. Nilisikia yote.

Masakatsu akavuta fomu, akaiangalia, kisha akasema atapiga muhuri. Na yeye mwenyewe atamwambia Minori, kwa mdomo wake, kwamba aliyepiga simu ni yeye. Lakini aanze Mama. Akasema, mwandikie Dada, yote, usimwambie nusu, na uitumbukize posta nikiona kwa macho yangu. Nikiona barua imeingia, nitapiga muhuri juu ya kaunta ya posta hapo hapo nikimbie shuleni. Kama huwezi, basi usiniite mwizi, maana hapa tuko wawili. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameshika tena vijiti, analia, kama wanavyolia wanaume wa kiwandani, bila kuacha kutafuna.

Kwa hiyo usinione mwema. Siandiki kwa kuwa dhamiri imenisumbua. Dhamiri nimelala nayo kitanda kimoja miaka thelathini na miwili na tulikuwa hatusumbuani. Naandika kwa sababu nimebanwa ukutani na mwanangu, na kwa sababu kuna mtoto.

Hakuwa Mwalimu Isogai.

Aliyekuzuia kwenda ile shule ya kwanza ya mkoa, mwaka ule wa 1983, hakuwa yeye. Najua unavyomsimulia. Umemsimulia Dale, umemsimulia Owen, na naapa yule bwana wa kumwelekeza kuandika ameshamweka kwenye karatasi: mwalimu aliyemtazama binti wa mng'arisha vijiko akaona shule ya biashara inamtosha. Mtoeni. Mwalimu Isogai alikuja hapa nyumbani vuli ile kwa baiskeli, amevaa suti, akakaa mlangoni akatuambia wewe unaweza kuingia shule yoyote utakayoitaja, na kwamba kuna msaada wa masomo, ameshauliza, baba yako hatatoa kitu. Alifurahi hadi akasahau kofia yake. Kwa hiyo hata ile habari ya kwamba hatukuwa na uwezo, niliyokuambia mimi ulipokuwa unalia, nayo ni uongo. Uwezo ulikuwepo.

Mimi ndiye niliyemwendea. Mara tatu. Mara ya kwanza nilipeleka vitumbua vya mchele vya kufungwa na majani ya mianzi, nikamwomba akwambie alama zako hazifiki. Akavirudisha. Mara ya pili hakunikaribisha ndani. Mara ya tatu nilipiga magoti kwenye sakafu ya mlango wake, mkewe akiona, nikamwambia asiponisaidia nakutoa shule kabisa, kesho yake, nikuketishe kwenye mashine ya kung'arisha kando yangu. Na ningefanya. Alilijua hilo usoni mwangu. Akasema ataubeba yeye huo uongo. Nilimuuliza kwa nini asiniambie tu nikaseme mwenyewe kwamba sitaki. Akasema, afadhali anichukie mimi, mama, maana mimi simpikii.

Siku ya kikao ulikaa katikati yetu. Alipokwambia alama hazitoshi hukumwangalia yeye, uliniangalia mimi. Ulikuwa unasubiri niseme kitu, mimi ninayegombana na muuza samaki kwa mkia mmoja. Nikainama nikasema, tunakuachia wewe, Mwalimu.

Utauliza kwa nini. Mwaka ule kulikuwa na siku ya wazazi kwenda kusimama nyuma ya darasa kutazama watoto wakisoma. Ulileta ile karatasi ya mwaliko hadi mtaani, ukaitupa kwenye mfereji. Nilikuja kuambiwa na mama wa kina Yamazoe, aliniuliza mbele ya watu sokoni mbona hakuniona darasani. Nikasema nilikuwa na homa. Sikukugombeza, unakumbuka, wala sikukuuliza. Lakini nilipiga hesabu yangu. Nikasema, akiwa na miaka kumi na mitano ananificha nisionwe na darasa moja. Wakimfundisha hao watu hadi afike ishirini na miwili, atanificha nisionwe na nchi nzima. Nilikuwa nimekubeba tumboni, nimekubeba mgongoni, nikaona nikikuachia hapo utakuwa mtu ambaye nikikutana naye njiani itabidi nimwinamie. Nilitaka ubaki kimo changu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine iliyo nzuri zaidi, nimeitafuta.

Na haikusaidia kitu. Ulisoma biashara, ukakaa ofisini kwa yule mwenye kiwanda, ukaweka akiba, ukaondoka ukiwa na miaka ishirini na minne, mbali kuliko ambavyo shule yoyote ingekupeleka. Tena ukaenda umekasirika.

Nimetema mate kwenye barua hii yote. Nimemtemea Kurebayashi, nimeitemea namba, nimeitemea barabara yenu na godoro la Fuwa, na sifuti hata tone. Lakini hao wote wanachekecha watoto wa watu wasiowajua. Mimi nilichekecha wangu, nikimjua, nikijua na uzito wake.

Mwalimu Isogai alikuwa akikutumia kadi ya Mwaka Mpya kila mwaka hadi ulipoondoka, nawe ukizirudisha umezipaka wino mweusi. Najua, kwa sababu wewe uliziweka kwenye sanduku la posta na mimi nilikuona, nikaendelea kufagia. Alifariki mwaka juzi, mwezi wa kumi. Nilikwenda mazishini. Nilichoma ubani, nikageuka, nikakutana uso kwa uso na mkewe, yule aliyeniona nimepiga magoti mlangoni kwake. Nilitaka aseme. Aliniinamia tu, kwa heshima zote, akanishukuru kwa kuja. Nikamwinamia nami, nikaondoka.

Sikuombi msamaha, maana najua utanipa haraka kwa sababu mimi ni mzee, na msamaha wa kumpa mzee siutaki. Owen akitaka kuandika habari za yule msichana wa dirishani, na aandike, nimemruhusu. Ila aandike pia alivyokuja kuwa. Yule bwana akisema hiyo haifai chuoni, basi chuo hicho kimsomeshe mtoto wa mtu mwingine.

Mtihani wa Minori ni tarehe tisa Machi. Akipata, sawa. Akikosa, Kurebayashi anasema kuna nafasi zinazobaki kwenye shule za mwisho mwisho, ataenda huko, na dawa zangu ataendelea kuzisoma, na mimi nitakuwa nimemuuliza. Kwa sasa hajui chochote. Amelala chumba cha pili, na kesho baba yake ana ya kumwambia. Muhuri Masakatsu ameuweka mbele ya picha ya baba yako ili nisiuibe, ananijua.

Nisalimie Dale, mwambie aende hospitali. Mbusu Owen kichwani, kama unafika. Lifunge bega lako na kitambaa cha moto ukilala. Wote wa hapa wanakusalimu, na mama wa kina Yamazoe, ambaye bado yuko hai na bado anauliza maswali.

Aprili shule zinafungua, na iwe ni shule gani, Minori atahitaji mtu wa kukaa kwenye viti vya wazazi ambaye si mimi. Kwa hiyo utakuja. Ukishuka stesheni usije hapa kwanza. Nenda makaburini, upande wa mto, uulize kaburi la Isogai, ulioshe jiwe lake kwa maji na umwambie sasa unajua. Kisha njoo nyumbani, uvue viatu, uniambie usoni kila kitu ulichokuwa ukimwambia yeye kwa miaka yote hii, bila kuruka neno. Nitakuwa nimekaa mezani. Sitanyanyuka kwenda kuchemsha chai.

Mama yako,
Yone Hasunuma